Dawa Iliyotwangwa Mara ya Pili

Mchi uliovunja taya la kijana mwenye bunduki pale Salamabila asubuhi ndio uliotwanga, mchana wa siku ileile, dawa ya kifua ya dada yangu. Aliyevunja taya ni dada yangu mwenyewe. Aliyetwanga dawa ni rafiki yake wa kazini. Mimi nilikaa kati yao nimeshika sahani ya bati ili unga usipotee.

Dada yangu ni mkubwa wangu, kwa hiyo namwita yaya, kama sisi sote wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa. Alikwenda Salamabila baada ya mume wake kufunikwa na shimo la dhahabu. Watoto aliwaacha kwa mama yetu, akachukua kazi ambayo wajane wengi huichukua kule: kutwanga mawe. Wanaume wanayatoa mawe meupe chini ya ardhi, wamama wanayavunja kwa nyundo, kisha wanayatwanga hadi yawe unga wa kuoshwa kwenye karai. Kinu ni kipande cha bomba nene lililozibwa chini. Mchi ni chuma kilichong'olewa kwenye mhimili wa lori.

Mimi nafanya kazi kwenye redio ndogo Kasongo. Kila nilipokwenda kumwona nilikaa pembeni ya vinu nikatazama. Sheria pale ni moja, na kila mama anaijua: unga ukibaki na punje, dhahabu inabaki imefungwa ndani ya punje na maji yanaondoka nayo. Kwa hiyo unatwanga, unachekecha, unatwanga tena, mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie mkwaruzo. Nilimwona msimamizi akichukua unga wa mama mmoja, akausugua, akasikia mkwaruzo, akammwagia kichwani karai zima, kisha akampiga kofi. Mama yule alitema mchanga, akaokota mchi. Hakuna kinu kilichonyamaza. Kelele za chuma zililifunika lile kofi, na aliyekuwa amegeuka upande mwingine hakujua kwamba kuna mtu amepigwa.

Vumbi la pale halipandi juu sana. Linabaki usawa wa uso wa mtu aliyeinama. Wamama wanatoka kazini na kope nyeupe.

Yaya alikuwa na pumu tangu utoto. Nyumbani ilikuwa ikimjia wakati wa kuchoma mashamba, kisha inaondoka. Kule kwenye vinu haikuondoka tena. Alijifunza kutwanga kwa kuhesabia pumzi: mapigo machache, anasimama, anaegemea mchi, mapigo machache. Msimamizi alimwita Mashine Mbovu. Yaya alimjibu kwamba mashine mbovu ndiyo inayojulikana sauti yake, ile nzima inakufa ghafla. Wamama walicheka, msimamizi naye akacheka, na siku hiyo hakumpiga.

Kwenye kituo cha afya Kasongo nilimpatia dawa. Ya kopo, ile inayopuliza yenyewe, ilikuwa imekwisha. Muuguzi alinipa ya unga: kapsuli ndogo zilizofungwa kila moja kwenye karatasi ya kung'aa, na kifaa cha plastiki kinachotosha kiganjani. Unaweka kapsuli, unabonyeza pande mbili sindano ziitoboe, unaziba kifaa kwa midomo, unavuta. Kapsuli inazunguka ndani na kulia kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Usiposikia nzi, hujavuta.

“Hii haisukumwi na kitu,” muuguzi aliniambia. “Upepo ni wa mugonjwa mwenyewe. Mwambie avute kwa hasira. Na asitoe kapsuli kwenye karatasi kabla ya saa yake, zinakunywa maji ya hewa.”

Nilimpelekea yaya maneno yote mawili. La hasira alilishika mara moja. Alivuta, nzi akalia, na baada ya muda mfupi mabega yake yakashuka kutoka masikioni. Alicheka.

“Hasira ninayo ya kumaliza hizi zote na zingine,” alisema.

La karatasi alilishika pia, mpaka kizuizi kikamwachisha.

Njia ya kutoka kwenye vinu ina kizuizi, kamba tu iliyofungwa miti miwili, na vijana wenye bunduki ambao leo ni wa huyu na kesho ni wa yule. Kazi yao ni kutafuta dhahabu iliyofichwa. Wanafungua nywele za wamama, wanatia vidole midomoni, wanakung'uta nguo za watoto wanaonyonya. Kitu kinachong'aa hakipiti. Kijana mmoja alizikuta karatasi za yaya kwenye fundo la kitenge chake, akazipasua moja baada ya nyingine, akazifungua kapsuli na kumwaga unga kwenye kiganja chake ili aone kama ndani kuna rangi ya njano. Alipokosa alipangusa kiganja kwenye shavu la yaya, kisha akampiga teke la goti kwa kumpotezea wakati.

Kwa hiyo nilipompelekea dawa nyingine, yaya alizitoa kapsuli zote kwenye karatasi. Alizitia kwenye kichupa cha plastiki, kile wanachohifadhia dhahabu kidogo inayokwanguliwa kwenye karai, akakifunga kwa uzi na kukivaa kiunoni chini ya nguo zote, mahali ambapo hata wale vijana waliona aibu kufika mbele ya watu. Kizuizi alikipita. Lakini mama anayetwanga tangu asubuhi analowa jasho kama aliyevuka mto, na kifuniko cha kichupa kilikuwa kimelegea. Hilo sikulijua mpaka siku nitakayoieleza.

Siku hiyo nilifika asubuhi na dawa mpya kwenye begi. Yaya alikuwa kinuni, na kando yake rafiki yake, mama wa makamo, Mwislamu wa kule Kabambare, mwenye mikono minene na kilemba cheusi. Wote walimwita Mama Mukubwa, nami nikamwita hivyo.

“Mutu wa redio amefika,” alisema. “Leo tutasikika Kinshasa.”

“Kinshasa hawatusikii, Mama Mukubwa. Sauti yetu haifiki hata mto Lualaba.”

“Basi shika nyundo. Hiyo inasikika.”

Nilikuwa bado nacheka wakati risasi ya kwanza ilipopigwa upande wa bwawa la kuoshea. Mwoshaji mmoja alianguka kifudifudi kwenye maji yake, karai likageuka juu ya mgongo wake. Kisha walitoka kwenye magugu, wengine na bunduki, wengine na mapanga, wakielekea moja kwa moja kwenye magunia ya mawe ambayo hayajatwangwa. Msimamizi alijaribu kusema nao. Walimkata mkono aliouinua, na aliposhika ule mkono kwa mwingine, wakamkata na huo. Alikaa chini taratibu kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kukaa.

Wamama walikimbia, isipokuwa wale ambao watoto wao walikuwa wamelala kati ya vinu. Yaya hakuwa na mtoto pale. Alisimama kwa sababu mmoja wa wale vijana alinishika mimi kwa shingo ya gauni. Alitaka begi langu. Ndani kulikuwa na kinasa sauti cha redio, na nadhani nililivuta bila kufikiri. Alinipiga kwa kitako cha bunduki juu ya sikio, nikaona ardhi imekuja karibu, kisha akainua kitako mara ya pili.

Mchi ulimpata chini ya shavu, kutoka chini kwenda juu, kama wanavyoung'oa kinuni. Nilisikia sauti ya mfupa. Nimekwisha kuisikia sauti ya mawe yale meupe yanapopasuka, na haitofautiani sana. Kijana aliangukia magoti, mdomo wake umekwenda upande, damu na meno vinashuka kwenye fulana. Alimtazama yaya. Mtu huyo alimtazama vizuri, na hilo nalikumbuka kuliko sauti.

Mama Mukubwa alitushika mikono, mimi upande huu na yaya upande ule, tukaingia kwenye mihogo.

Hatukupita njia kubwa. Tulishika njia za mashamba kuelekea Wamaza, na nyuma yetu moshi wa vibanda ulianza kupanda. Yaya alikimbia vizuri mwanzoni. Mchi hakuuacha. Kisha nikaanza kusikia kifua chake, ile filimbi nyembamba, na kisha filimbi ikazima, jambo ambalo ni baya zaidi. Alikaa chini ya migomba, mikono juu ya magoti, shingo yake inachimbika kila anapovuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Begi langu lilikuwa limebaki kwa yule kijana, na karatasi mpya za dawa zilikuwa ndani yake, isipokuwa moja iliyosalia kwenye mfuko wa gauni bila mimi kujua. Yaya alifungua nguo zake, akatoa kichupa na kile kifaa cha kuvutia. Niliweka kapsuli kwenye kifaa, nikaitoboa, nikampa. Alivuta. Nzi hakulia. Niliifungua kapsuli ile. Ganda lilikuwa limelainika kama mkate uliolowa, na unga ndani umeshikana kuwa kijiwe kimoja.

Mama Mukubwa alikichukua kile kijiwe, akakibonyeza kwa ukucha.

“Hii imekuwa jiwe,” alisema. “Jiwe dawa yake tunaijua.”

“Mama Mukubwa, munganga hakusema itwangwe.”

“Munganga wako amewahi kutwanga nini?”

Yaya alikuwa akitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, kichwa chake kilikuwa kikifuata pumzi. Mama Mukubwa aliomba sahani kwenye kibanda cha shamba kilichokuwa karibu, akawasha moto wa majani, akakausha kapsuli zote juu ya ubapa wa sahani. Alimwaga maji kwenye mchi, akausugua kwa mchanga na majani mpaka damu ya yule kijana ikatoka, akaukausha kwa kilemba chake. Kisha akatwanga. Hakupiga, alizungusha ncha ya chuma kwa uzito wa mikono yote miwili, kama anavyofanya mwisho wa kazi wakati unga unakaribia kuwa tayari. Alisugua kati ya vidole, akatwanga tena. Hata mimi nilisugua. Haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ulikuwa laini kuliko poda ya mtoto.

“Angalia hiyo,” alisema. “Hiyo itapita hata kwenye tundu la sindano.”

Tuliujaza kwenye ganda ambalo lilikuwa bado gumu, tukalitoboa. Yaya aliziba midomo akavuta. Upepo aliouvuta haukuwa wa hasira tena, ulikuwa wa mtu anayeomba. Nzi alilia kidogo. Yaya alikohoa, akashika koo.

“Iko tamu,” alisema. Hayo ndiyo maneno aliyoyaweza.

Mama Mukubwa alinitazama kwa furaha. Tamu ilikuwa habari njema. Tukampa ya pili, na ya tatu, na kila mara alisema kwa kichwa kwamba ndiyo, iko tamu, na kila mara midomo yake ilizidi kuwa majivu.

Aliyetutoa pale ni mwenye pikipiki aliyekuwa akipitisha madumu ya mawese kwenye njia ya mashamba, naye amesikia risasi. Alimwona yaya, akaona nafasi iliyopo, akatazama madumu yake.

“Nikiyaacha hapa yataibiwa,” alisema.

Mama Mukubwa aliyashusha mwenyewe, akakaa juu ya moja, mchi magotini. “Nenda. Anayetaka mafuta atapita kwenye chuma hiki. Kimeshaonja mutu leo.”

Tulimfunga yaya kwa kitenge kati ya dereva na mimi. Njiani kichwa chake kilinigonga kifuani kila shimo, na kati ya shimo na shimo nilitega sikio nisikie kama bado anavuta. Kwenye kituo kidogo cha Wamaza muuguzi alimchoma sindano ya mshipa, akaisukuma polepole huku akimtazama usoni. Ilichukua muda. Kisha ile filimbi ikarudi, nami nikalia kwa kuisikia. Yaya alifumbua macho, akamtazama muuguzi.

“Sukuma basi,” alisema. “Unapika ugali?”

Muuguzi hakucheka mpaka alipomaliza. Ndipo akauliza kama kuna dawa nyingine aliyotumia. Nilimweleza yote, pamoja na mchi.

“Alisikia ladha?”

“Tamu.”

“Basi ilibaki mdomoni,” alisema. “Utamu ni sukari inayobeba dawa. Ulimi ukiisikia nyingi hivyo, mapafu hayakupata kitu.”

Sikuridhika. Unga ulikuwa laini kuliko ulivyotoka kiwandani, niliusugua kwa vidole vyangu. Kwa nini ulio laini ukwame na ule wa mwanzo upite? Swali hilo nilirudi nalo Kasongo, pamoja na yaya, pamoja na ile kapsuli moja iliyosalia mfukoni ndani ya karatasi yake, na mabaki ya unga wa Mama Mukubwa kwenye kipande cha plastiki. Daktari mmoja wa hospitali, ambaye hutusaidia kwenye kipindi cha afya, aliziweka zote mbili chini ya darubini ileile wanayotazamia makohozi.

Kwenye unga wa kapsuli niliona punje kubwa kama chumvi iliyovunjika, na juu yake vipande vidogo vimekaa kama vifaranga mgongoni mwa kuku. Vipande vile havikuwa duara. Vingi vilikuwa virefu, kama makapi ya mpunga. Daktari aliniambia dawa ni hivyo vifaranga. Upepo wa mgonjwa ukiwa na nguvu, vinaruka kutoka kwa kuku, na kile kilicho kirefu kinageuka kufuata upepo kama mtumbwi unavyofuata mkondo, kinapita kona ya koo bila kugonga. Kuku ni mzito, anagonga koo na kubaki. Ndiyo sukari.

Kisha nikatazama unga wa mchi. Vifaranga havikuonekana. Vingine vilikuwa vimekandamizwa ndani ya mashimo ya kuku mpaka hakuna upepo wa kuvitoa. Vingine vilikuwa vimegeuka magamba bapa, gamba limelala juu ya gamba, yote yameshikana kuwa mabonge. Vidole vyangu viliuona laini kwa sababu bonge linavunjika kwenye kidole. Kwenye upepo halivunjiki.

“Mnadhani ni udogo tu,” daktari alisema. “Udogo bila umbo ni matope. Vitu bapa vinapendana. Kuna viwanda vinatengeneza punje zilizokunjamana kama karatasi iliyofinywa ngumini, ili zigusane padogo na ziachane upesi. Huyo mama yenu amefanya kinyume, tena kwa nguvu.”

Nilimsimulia yaya jioni, akiwa ameketi kwenye mkeka wa mama yetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Ni ile dhahabu ya magamba,” alisema. “Inaelea kwenye karai, inaondoka na maji, ingawa ni nzito.” Kisha akanigeukia. “Na vumbi la mawe? Hilo liko na umbo gani?”

Swali hilo nilikuwa nimeshamuuliza daktari. Alikuwa amemwambia yaya apigwe picha ya kifua, na kwenye picha kulikuwa na madoa ambayo hakutaka kuyapa jina mara moja. Vipande vya jiwe lililopasuka sasa hivi, aliniambia, havina kuku wa kuvibeba, havihitaji mtu avute kwa hasira, na hakuna koo linalovizuia vyote. Vinafika. Kama ni pumu peke yake, dawa ya unga itamtosha. Kama ni mawe, haitamtosha, na kutwanga kutamuua. Alitaka picha nyingine baada ya muda alinganishe.

Mama Mukubwa alikuja kwetu na mchi, na madumu ya mawese yalikuwa yamemfikia mwenye pikipiki. Nilipomweleza habari ya darubini alikataa. “Kama haikupita hata kidogo, angefika Wamaza akiwa hai?” Nilimpelekea daktari hoja hiyo. Alisema huenda kidogo kilipita. Hawezi kusema ndiyo, hawezi kusema hapana.

Yaya alikaa Kasongo mpaka watoto walipofukuzwa shule kwa kukosa karo. Kisha akasema anarudi Salamabila, picha ya pili itangoja. Nilimpa dawa mpya, nikamwapisha kwa kaburi la baba kwamba hatazitoa kwenye karatasi zake. Aliapa.

Ujumbe wake wa sauti ulinifikia juzi, umerekodiwa barabarani, pikipiki zinapita. Anasema amefika salama, kinu chake kimechukuliwa lakini Mama Mukubwa atamgawia. Anasema kizuizi kiko palepale. Pale kwenye kamba kuna kijana mpya kwa wengine, si kwake: mdomo wake haufungi vizuri na maneno yanatoka upande. Leo haikuwa zamu yake ya kukagua, alikuwa amekaa juu ya gunia akimtazama kila mama usoni. Kesho ndiyo zamu yake. Baada ya hapo unasikika mlio ninaoujua, karatasi ya kung'aa ya kapsuli ikikunjwa au ikipasuliwa, na ujumbe unakatika. Tangu hapo simu yake haipatikani.